Mapengo ya Nyumba Moja

Watu wakisikia kwamba jino langu moja la mbele ni la kupandikizwa, swali la kwanza huwa bei. Nawajibu kwamba kipandikizi (skrubu inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya), vipimo na jino la juu yake vilikula pesa ambayo hapa Tanga ingeninunulia pikipiki iliyotumika, na bima haikuchangia hata shilingi. Wengi huishia hapo, wakashukuru na kuaga. Mimi ningeanza na swali jingine: hilo pengo lako liko wapi, na jino lililokuwepo lilikuwa likikufanyia kazi gani? Nyumbani kwetu tulikuwa na mapengo mimi, mke wangu na mama yangu. Kila mmoja aliambiwa jambo tofauti, na nikitazama sasa naona kila mmoja aliambiwa sawa.

Langu lilitokana na bodaboda. Tulikuwa tunarudi mjini kutoka Pangani, jioni, dereva akaingia kwenye mchanga kwa kasi, mimi nikatangulia mdomo. Katika yale meno mawili makubwa ya mbele juu, moja lilitoka zima na mzizi wake, la pili likavunjika nusu. Lile zima lilibaki barabarani. Hakuna aliyelifikiria, damu ilikuwa nyingi na watu walihangaika na damu.

Daktari aliyenipokea aliuliza jino liko wapi hata kabla hajaniuliza jina. Nilidhani ananitania. Kumbe jino la utu uzima likitoka zima linaweza kurudishwa kwenye tundu lake na likashika, mradi liwahiwe. Ndani ya saa moja ya kwanza ndimo matumaini yalimo. Hushikwa upande wa kichwa, mzizi usiguswe. Likiwa na mchanga husuuzwa kidogo tu, halisuguliwi. Kama aliyeumia ana fahamu zake, hurudishwa palepale na kushikiliwa kwa kung'ata kitambaa, la sivyo hutiwa kwenye maziwa na safari ya hospitali ianze. Kulihifadhi kwenye maji ya kawaida ni kuziua chembe hai zilizoshika mzizi. Meno ya utoto hayarudishwi, kwa sababu yanaweza kuliumiza jino linalokuja chini yake. Haya nayafundisha kwenye chuo changu cha Qur'ani sasa kila watoto wanapoanza mashindano ya kukimbizana, yaani karibu kila siku.

Lile lililovunjika liliokolewa. Mzizi ukasafishwa na kuzibwa, juu likavikwa kofia. Likabaki pengo la jirani yake.

Mimi ni maalim wa chuo, nasomesha watoto Qur'ani baada ya laasiri. Mwenye kazi hii anajua kwamba herufi za thaa, dhaal na dhwaa hutoka pale ncha ya ulimi inapogusa makali ya meno mawili ya mbele ya juu, na faa hutoka pale makali hayohayo yanapokutana na tumbo la mdomo wa chini. Nimewafundisha watoto makharij hayo, yaani mahali herufi zinapotokea, miaka na miaka, bila kuwaza kwamba makhraji ya mtu yanaweza kung'olewa na bodaboda. Nikisoma Suratul Kauthar, thaa ilitoka na upepo. Suratul Falaq ndiyo kabisa. Watoto wana adabu mbele ya maalim, walinyamaza wote. Ila nikiwa natoka nje nikamsikia mmoja nyuma akiiga "alladhiina" yangu kwa ufundi mkubwa, mpaka upepo wake ameuweka mahali pake.

Kwa hiyo nilipokwenda kuuliza habari ya kuziba pengo, nilijua ninachokitafuta. Sikutafuta jino la picha ya harusi. Nilitaka mahali pa kuuegemeza ulimi, pasipocheza.

Nilianza na jino la kuvua, kama watu wengi. Fundi wa maabara alilitengeneza kwa plastiki ngumu ya rangi ya fizi, na waya mbili za kukamata meno ya pembeni. Ndilo rahisi kuliko yote na halihitaji kisu wala kukwangua jino jirani. Siku nilipolivaa nikapata thaa na nikapoteza shini. Jim, shini na yaa hutoka katikati ya ulimi na kaakaa iliyo juu yake, na sasa juu ya kaakaa yangu kulikuwa na plastiki. Ulimi ulizoea baada ya majuma kadhaa, kwa kusoma kwa sauti nikiwa peke yangu. Ambacho hakikuzoeleka ni chai ya tangawizi isiyochoma kaakaa. Na lile jino lilicheza. Ukisoma kwa nafasi halina neno. Ukisoma kwa haraka kwenye tarawehe utalisikia linainuka.

Walio nalo nawaambia mawili tu. Lisioshwe kwa maji ya moto, hujipinda. Na usiku livuliwe liwekwe kwenye kikombe cha maji safi, fizi zipumue.

Njia ya pili ni daraja. Meno ya pande mbili za pengo hukwanguliwa yakawa vigingi vidogo, kisha kifuniko kimoja chenye meno matatu hubandikwa juu yake na saruji ya meno. Halivuliwi, hukamilika kwa majuma machache, na kwa mtu ambaye majirani wa pengo lake tayari wana mashimo makubwa au makofia, mimi naona ni jibu zuri kuliko kipandikizi. Daktari mmoja alinishawishi nilichukue, akasema jirani mmoja ana kofia tayari. Kweli. Lakini jirani huyohuyo alikuwa na mzizi uliotikiswa na ajali, na daraja lingemtwika mzigo wa mwenzake aliyekufa. Jirani wa upande wa pili lilikuwa jino zima, halina hata doa. Ukishalikwangua jino halirudi, na mzizi wa jino hilo la pembeni ni mwembamba kuliko ya mbele.

Kuna daraja la aina nyingine ambalo wengi hawaambiwi: la bawa. Jino la bandia lina ubawa mwembamba unaogandishwa nyuma ya jino jirani kwa gundi maalumu, bila kukwangua au kwa kukwangua kidogo mno. Kwa kijana wa miaka kumi na mitano aliyepoteza jino la mbele nadhani ndilo la kuulizia kwanza, kwa sababu kipandikizi hakiwekwi kabla taya haijamaliza kukua. Kikiwekwa mapema hubaki palepale huku meno mengine yakiendelea kushuka na taya, na baada ya miaka jino hilo litaonekana fupi. Kwangu la bawa lilishindikana. Meno yangu ya chini yanapanda sana nyuma ya yale ya juu, kwa hiyo bawa lingekosa pa kukaa na lingebanduliwa kwa kila tonge.

Ndipo tukafika kwenye kipandikizi. Nilimuuliza daktari swali la mtu mwoga: nani ameishi nacho muda mrefu? Akanisimulia habari za Msweden Per-Ingvar Brånemark, ambaye wala hakuwa daktari wa meno. Mwaka 1952 alikuwa akichunguza damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa cha titaniamu, na alipotaka kukitoa kikakataa. Mfupa ulikuwa umekikamata. Mwaka 1965 akamwekea vipandikizi Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alifariki mwaka 2006, vipandikizi vikiwa bado vinafanya kazi kinywani. Hilo lilinitosha.

Chenyewe ni vitu vitatu: skrubu ya titaniamu inayoingia ndani ya mfupa badala ya mzizi, kiungo kinachotokeza kwenye ufizi, na jino la kauri juu yake. Majirani hawaguswi. Gharama yake ya kweli, ukiacha pesa, ni mfupa na muda.

Habari ya mfupa ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Mfupa wa taya unaolishika jino unaishi kwa ajili ya jino. Likiondoka, mfupa huanza kujipunguza, na sehemu kubwa ya upungufu hutokea mwaka wa kwanza. Upana unaweza kupungua hata karibu nusu. Mimi nilikuwa nimetumia miezi mingi nikikusanya fedha. Daktari alinipeleka kupiga picha ya taya Dar es Salaam, ile inayoonyesha mfupa kwa vipande kutoka kila upande. Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha urefu, upana haionyeshi. Kwenye kioo cha kompyuta niliuona mfupa wangu wa mbele umekuwa mwembamba. Kuingiza skrubu pale bila kuongeza kitu ingekuwa kuchomeka kigingi kwenye ukingo wa mchanga.

"Maalim, itabidi tuongeze mfupa," akasema.

"Mfupa wa nini, daktari?"

Aliniangalia, akaelewa. Unga wa mfupa unaotumiwa na madaktari wa meno hutoka sehemu mbalimbali: kwa mgonjwa mwenyewe, kidevuni au nyuma ya magego, kwa binadamu mwingine aliyejitolea, kwa ng'ombe, kwa nguruwe, au hutengenezwa kiwandani kwa madini ya kalsiamu. Zaidi ya unga kuna kitambaa chembamba kinachofunikwa juu yake, na vitambaa hivyo vingi hutokana na nguruwe. Mtu anaweza kuuliza habari ya unga akasahau kitambaa. Sheikh niliyemwendea aliniambia dharura ina hukumu yake, lakini mbadala ukiwepo dharura haipo. Mbadala ulikuwepo: unga wa ng'ombe na kitambaa cha ng'ombe, vikaagizwa, nikasubiri. Habari ya chuma kinywani haikumsumbua. Alinikumbusha hadithi ya sahaba Arfaja aliyekatwa pua katika vita vya Kulab, akajitengenezea ya fedha ikatoa harufu, Mtume akamruhusu kuweka ya dhahabu.

Kabla ya kushika kisu daktari aliuliza mambo mengine ambayo nayaandika kwa sababu nimeona watu wakiyaficha: sigara na tumbaku ya aina yoyote, sukari, dawa za kuimarisha mifupa wanazopewa akina mama wenye umri, na kama nasaga meno usingizini. Tumbaku huzuia fizi na mfupa kupona na huongeza vipandikizi vinavyoshindwa. Ukimficha daktari, unajidanganya kwa fedha yako mwenyewe.

Tulipanga iwe Mfungo Mosi, Ramadhani ikishapita, maana baada ya upasuaji kuna vidonge vya saa kwa saa na dawa ya kusukutua. Upasuaji wenyewe hauna hadithi. Ganzi inachoma kidogo, kisha unasikia mtetemo tu na maji. Yale maji yana kazi: mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja unaanza kufa, kwa hiyo kekee huzungushwa polepole na kupozwa kwa maji ya chumvi muda wote. Niliogopa maumivu, ukaja uvimbe. Nilisoma kwa mdomo wa bata siku chache, watoto wakafurahi tena.

Kisha ni kungoja. Zamani walingoja miezi mitatu kwa taya ya chini na sita kwa ya juu, ambayo mfupa wake ni laini zaidi; sasa wengine hufupisha, na wapo wanaopachika jino la muda siku hiyohiyo kama mfupa ni imara. Langu, kwa kuwa mfupa uliongezwa, liliachwa likae muda mrefu. Wakati wote huo nilirudia jino la kuvua. Ndugu zangu wanaofunga safari kwenda India kupandikiza meno wajue hilo: safari si moja. Ukiambiwa kila kitu kitakwisha kwa juma moja, uliza kwa nini wewe huhitaji kungoja.

Jino lilipokaa, thaa ilirudi siku ileile. Yalibaki mambo mawili nisiyoyategemea. Jino la asili limezungukwa na nyuzi laini zinazohisi uzito wa unachong'ata. Kipandikizi hakina, kimegandana na mfupa moja kwa moja. Hukisikii. Ukikuta kokoto kwenye wali, jino la asili hushtuka na mdomo ukaachia kabla hujafikiri. Kipandikizi huendelea tu. Ndiyo maana daktari aliliacha jino langu liguse la chini kidogo mno, na akanikataza mua na kufungua soda kwa meno, jambo ambalo hakuhitaji kunikataza. La pili, kipandikizi hakiozi lakini ufizi na mfupa wake huoza. Uchafu ukikaa shingoni mwake mfupa huliwa kimyakimya, bila maumivu, hadi siku kinapoanza kutikisika. Nasafisha kwa mswaki mdogo wa katikati ya meno na uzi kila usiku.

Mke wangu hana magego mawili ya mwisho, chini kushoto. Yalioza akiwa msichana, yakang'olewa, kama ilivyokuwa kawaida. Aliponiona na jino jipya akataka naye. Daktari akamkagua, akamwambia hana haja. Nilishangaa kuona mwenye duka anakataa kuuza. Alitueleza kwamba mtu mwenye meno yote ya mbele, magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana hutafuna vizuri, na kwamba jambo hili limechunguzwa hapahapa: Paulo Sarita wa Muhimbili na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, waliwachunguza Watanzania wenye safu fupi za meno, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Shida huanza pale magego yanapoisha karibu yote, hasa kwa vyakula vigumu. Mke wangu anatafuna korosho upande wa kulia na hana malalamiko. Anaangaliwa tu gego la juu lisishuke kulifuata pengo. Zile fedha zilikwenda kwenye kuziba matundu mawili madogo ya meno mengine, na kwa maoni yangu hizo ndizo shilingi zilizotumika vizuri kuliko zote katika habari hii.

Mama ni kibogoyo, juu na chini. Ametafuna tambuu tangu ujana, na tumbaku ndani yake, fizi zikaondoka na meno. Meno yake ya bandia ya juu hukaa, kwa sababu kaakaa ni pana na mate huyafyonza yakashika. Ya chini huelea, ulimi ukiinuka nayo yanainuka. Nilikuwa nimejifunza kwamba mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikubaliana kuwa taya ya chini isiyo na meno inastahili vipandikizi viwili vya mbele, na meno ya bandia yabanwe juu yake kwa vifungo. Unayavua na kuyaosha, lakini hayaelei. Viwili tu. Nikampelekea mama habari hiyo kama zawadi.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimekwambia nataka kula pweza. Sikukwambia nataka kutobolewa."

Daktari, bila kujua, alikuwa upande wake. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilikuwa juu, na sukari isiyotulia huchelewesha kidonda kupona. Akamkagua pia ndani ya mashavu, maana popoo ya tambuu yenyewe, hata bila tumbaku, inajulikana kusababisha saratani ya kinywa. Hakuona doa. Akamwambia ashushe sukari, aache tambuu, ndipo waongee. Na kwa sasa atamtengenezea meno mapya, kwa sababu yale ya zamani yalitengenezwa taya ikiwa kubwa na sasa taya imeshuka. Meno mapya yaliyopimwa vizuri yameondoa nusu ya taabu. Sukari imeshuka. Tambuu anasema ameacha. Mimi naiona midomo yake, nanyamaza. Vipandikizi havijazungumzwa tena. Pweza anakula, akichemshwa sana.

Binamu yangu wa Muscat yeye aliambiwa ang'oe meno yote ya juu aliyobaki nayo, apachikwe safu nzima juu ya vipandikizi vinne, njia ambayo Mreno Paulo Malo aliieneza tangu miaka ya 1990. Njia yenyewe ni ya kweli, na kwa asiye na jino ni neema. Lakini alikuwa na meno manane yaliyosimama imara. Alikwenda kwa daktari wa pili, ambaye hakuwa na cha kumuuzia siku hiyo, na meno manane yapo. Hapa kwetu kuna hatari nyingine, ya mafundi wa mtaani wanaogandisha meno ya plastiki kwenye meno mazima kwa waya na gundi na kuyaita ya kudumu. Chini yake mabaki ya chakula hukaa mpaka majirani nao wanang'oka. Daktari wa meno wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuuliza usajili wake si utovu wa adabu.

Na ukishawekewa kipandikizi, usiondoke bila karatasi inayotaja kampuni iliyokitengeneza, aina yake, kipenyo na urefu. Kampuni ni nyingi na bisibisi ya moja mara nyingi haiingii kwenye skrubu ya nyingine. Skrubu ya kiungo changu ililegea mara moja, nikiwa Dodoma kwenye msiba, jino likaanza kuzunguka. Daktari wa huko aliomba jina la kampuni kwanza. Nilikuwa na picha ya karatasi kwenye simu. Akapata bisibisi yake, akakaza, akaziba tundu, nikarudi msibani kabla ya adhuhuri.